Je, usugu wa dawa unaweza kupeperushwa na upepo?

Chomoa chujio la kiyoyozi kwenye gari lililozunguka mjini kwa miezi kadhaa, utakuta limegeuka jeusi. Wengi hulitupa bila kulitazama mara ya pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Peking, China, waliliona kama daftari la hewa: kila kilichopita mtaani kimeacha alama humo. Walikusanya machujio kutoka miji 19 duniani, wakayapekua kutafuta jeni 30 za usugu dhidi ya antibayotiki, yaani maelekezo anayobeba bakteria ili kuishinda dawa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yaliwashangaza wengi. Wingi wa jeni hizo uliongoza San Francisco, mji ambao hakuna angeutaja kwanza, ilhali Beijing ilikuwa na aina nyingi zaidi. Katika miji 6 zilikuwemo jeni za kuishinda vankomisini, dawa ambayo madaktari huiwekea akiba maambukizi yaliyoshindikana.

Bakteria hana mbawa. Amefikaje huko juu?

Njia mojawapo ni kiputo cha hewa. Kwenye mitambo ya kusafisha majitaka, hewa hupulizwa ndani ya maji ili bakteria wapumue na kuula uchafu. Kiputo kinapopanda huzoa bakteria njiani, nao hujibandika kwenye ukingo wake. Kikifika juu hupasuka na kurusha matone madogo sana. Tone hukauka angani, na kinachobaki ni chembe nyepesi yenye abiria. Majitaka hayo, tukumbuke, yana mabaki ya antibayotiki, maana dawa nyingi hutoka mwilini kwa mkojo zikiwa bado na nguvu. Bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki. Mavi makavu ya mifugo nayo hutimka kama vumbi. Huko Texas, Marekani, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta antibayotiki na jeni za usugu kwenye vumbi lililopeperushwa kutoka mazizi makubwa ya ng'ombe.

Bakteria akishapaa, hashuki upesi. Chembe yenye upana wa maikromita 1, ukubwa wa bakteria wa kawaida, huhitaji takriban saa 8 kushuka mita moja tu katika hewa iliyotulia. Na hewa ya mjini haitulii.

Hapa ndipo vichwa vya habari huteleza. Kilichopimwa kwenye yale machujio ni jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kuikata dawa, kuisukuma nje ya seli au kuinyima mahali pa kushika. Jeni si bakteria aliye hai. Jua na ukavu huwaua wengi wao wakiwa angani, wakabaki maganda na DNA yao. Kuikuta jeni ni kama kuokota ufunguo barabarani: hujui kama mwenyewe yu hai.

Lakini ufunguo huweza kuokotwa na mwingine. Mwaka 1928, mwaka uleule Alexander Fleming alipoigundua penisilini, tabibu Mwingereza Frederick Griffith aliwadunga panya mchanganyiko wa bakteria wa nimonia: wakali waliokwisha kuuawa kwa joto, pamoja na wapole walio hai. Kundi lolote likiwa peke yake halikuua. Yalipochanganywa, panya walikufa, na damuni mwao wakakutwa bakteria wakali walio hai. Wapole walikuwa wamerithi ukali wa marehemu. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake walionyesha kuwa urithi huo ni DNA. Hivyo hata bakteria mfu anayeelea angani si wa kupuuzwa kabisa.

Ni hatari kiasi gani basi? Binadamu huvuta mita za ujazo zipatazo 10 za hewa kwa siku, na bakteria wanaoingia nayo ni wachache mno ukiwalinganisha na matrilioni wanaoishi tumboni mwake. Mimi ningehofia zaidi mikono michafu, maji machafu na dozi zinazokatishwa njiani.

Mwaka 2023 ulitoka uchambuzi wa takwimu za nchi 116, ukionyesha kuwa penye vumbi laini jingi hewani, lile la PM2.5, usugu nao huwa juu. Ni uhusiano wa kuvutia, ila hauthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine. Vumbi na usugu vinaweza kuwa watoto wa mama mmoja, kwa kuwa nchi yenye hewa chafu mara nyingi ina upungufu wa maji safi pia, na dawa huuzwa ovyo. Ili kusema hewa ndiyo iliyomwambukiza mgonjwa fulani, ingebidi bakteria wake na wa hewani walinganishwe jeni kwa jeni, na yule wa hewani akutwe akiwa hai.