Umeombwa ukodishe jina kwenye kampuni ya mtu? Soma hapa kwanza

Malalamiko yamekuwa mengi siku hizi, watu wanasema benki inauliza sana, pesa imetoka wapi, kampuni ni ya nani hasa, na wanaona kama wamedharauliwa. Najua mteja aliyekaa foleni kwa heshima zake hapendi kuhojiwa. Ila kabla sijaingia kwenye utaratibu nataka nianze na kisa cha kweli, maana naona wengi bado wanaamini mtu aliyewahi kuwa usalama akiamua kujificha hapatikani, na pesa zake hazipatikani. Sio kweli jamani.

Vladimiro Montesinos wa Peru, enzi za Rais Alberto Fujimori, kwenye makaratasi alikuwa mshauri tu wa idara ya ujasusi, SIN, lakini yeye ndo alikuwa anaiendesha. Alihonga wabunge, majaji na wenye vituo vya televisheni, na alikuwa anawarekodi kwa kamera ya siri ili wasimgeuke. Septemba 14, 2000 video moja ikarushwa hewani, anaonekana akimpa mbunge wa upinzani Alberto Kouri dola 15,000 ili ahamie upande wa serikali. Siku kumi baadaye yuko Panama, Oktoba karudi Lima, mwisho wa mwezi katoroka tena kwa boti, na baadaye akaenda kujificha Venezuela. Novemba Uswisi ikatangaza kuzuia dola kama milioni 48 zake.

Sasa angalieni alivyopatikana. Mtu wa mafichoni anahitaji pesa lakini benki hawezi kukanyaga, kwa hiyo lazima atume mtu. Aliyetumwa alikuwa mtu aliyewahi kuwa afisa usalama wa Venezuela, yeye ndo alikuwa anasaidia kumficha. Akajaribu kuzichomoa pesa zilizokuwa zimeshikiliwa, wapelelezi wa Marekani, FBI, wakamdaka Miami, akawaonyesha Montesinos kajificha wapi, na Juni 23, 2001 Montesinos akakamatwa Caracas. Ujuzi wote ule wa kijasusi ukaishia kwa mtu aliyetumwa benki. Mwaka 2002 Uswisi ikairudishia Peru zaidi ya dola milioni 77.

Ndo maana sisi wa benki tunauliza. Na hatuulizi cheo tu, kwa sababu ukiangalia cheo Montesinos alikuwa mshauri. Viwango vya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu kilichoanzishwa 1989, vinataka watu wenye nyadhifa kubwa za umma, ndugu zao na washirika wao wa karibu wachunguzwe zaidi, wa nchi za nje wakati wote na wa ndani pale hatari inapokuwa kubwa: uongozi wa juu wa benki uidhinishe kuwapokea, chanzo cha mali na chanzo cha fedha vijulikane, na akaunti iendelee kuangaliwa. Kustaafu hakukutoi kwenye orodha kesho yake, kinachopimwa ni ushawishi uliobaki. Kumbukumbu zinatunzwa si chini ya miaka 5, na miaka 5 hiyo inahesabiwa tangu uhusiano ulipoisha au muamala ulipofanyika, sio tangu akaunti ilipofunguliwa, hapa watu wanakosea kila siku. Afisa akitoa taarifa ya muamala wenye shaka haruhusiwi kukuambia. Kwa hiyo kumfokea dada wa dirishani akuambie "nani kanichongea" hakusaidii kitu, tena unamweka pabaya, akikujibu anavunja sheria.

Kinachonisumbua zaidi ni hawa wanaokodisha jina. Mtu anaambiwa kuna mzee fulani zamani alikuwa shushushu, sasa ana wasiwasi na usalama wake, hataki jina lake lionekane, saini tu hapa uwe mkurugenzi utapata kidogo kila mwezi. Anasaini. Baadaye pesa za tenda zinapita humo kwenda kwa wanasiasa na yeye anasema sikujua! Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa 2003, ibara ya 28, unasema kujua na kukusudia kunaweza kubainishwa kutokana na mazingira yenyewe. Kampuni haina ofisi, haina mfanyakazi, inapokea mamilioni, na wewe mkurugenzi hujawahi kuuliza, sasa mazingira gani tena? Ibara ya 31 inaruhusu mali kuzuiwa, kukamatwa na kutaifishwa, na pesa chafu ikichanganywa na yako halali, kinachoweza kutaifishwa kwenye mchanganyiko huo kinafika thamani ya ile chafu iliyoingia. Kwa hiyo nyumba uliyoanza kujenga kwa jasho lako ukaja kuimalizia na zile za kila mwezi, nayo imo.

Adhabu zenyewe zinatofautiana nchi na nchi, na haya ni maelezo ya jumla, hayachukui nafasi ya wakili wako.

Kama umeshasaini usichome makaratasi, na usimpigie simu aliyekuleta kumwambia unataka kujitoa. Kusanya ulichosaini, meseji na risiti za ulicholipwa, mwone wakili, kisha nenda chombo cha kupambana na rushwa au kitengo cha serikali cha kudhibiti fedha haramu kabla wao hawajakuita. Ibara ya 37 inazitaka nchi ziangalie uwezekano wa kumpunguzia adhabu mshtakiwa anayetoa ushirikiano mkubwa, na tarehe uliyokuja mwenyewe inaandikwa kwenye faili.