Mwenyewe kafa, wimbo haujafa

Wiki hii ni wa nne. Kijana kanijia pale Mkunguni, hapa Lamu, na flashi mkononi, ndani yake taarab ya zamani aliyoitoa kwenye kanda ya mamake, ataka akate kipande aweke biti chini lije liwe tangazo la hoteli moja Shela. Ruhusa umepata kwa nani? “Ami, mwenyewe kafa zamani, nani atanidai?”

Ya Rabi. Kufa ndiko kunakoanzisha hesabu! Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya 2001, yampa mtunzi umri wake wote na miaka 50 juu, yahesabiwa toka mwisho wa mwaka aliokufa. Mshairi aliyekufa 1994, shairi ni la warithi wake mpaka 2044 iishe. Na msinambie hakusajili, cheti cha KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi tu. Tuendelee.

Kinachonichoma zaidi ni hilo neno “mwenyewe”. Mwenyewe yupi? Kanda moja ina watu namna tatu ndani: aliyetunga, waloimba na kupiga, na aliyegharamia kurekodi, kila mmoja na haki yake, ndio maana mwasikia vyama vya wenye haki, MCSK wa watunzi, PRISK wa waimbaji na wapigaji, KAMP wa maprodyusa, mkadhani ni kitu kimoja chenye majina matatu. Na hesabu zao si moja. Rekodi yahesabiwa miaka 50 toka ilipofanywa, kwa hivyo kanda ya 1970 haki ya prodyusa iliisha mwisho wa 2020. Kijana kusikia hivyo karuka, “si nilikwambia ni bure!” Umeokota mtungi baba, maji ya mwenzio yangalimo ndani.

Nikaiomba kanda yenyewe niione. Imeandikwa kwa bic ya kijani, jina la mwimbaji na “harusi Langoni”, basi. Mshairi hakutajwa, na kwetu ndivyo tulivyozoea, mwimbaji atunzwa manoti ukumbini na mshairi yuko nyumbani kwake asikia kwa mbali, sasa huyo akifa nani atajua ana haki? Anayetaka cha bure kweli kweli achukue utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, aufanye atakavyo, lakini asome mwenyewe, asiibe rekodi ya mtu aliyeughani juzi.

Nikamwambia awatafute warithi wa mshairi wamwekee sahihi kwenye karatasi, si kwa mdomo. Akakubali. Halafu akauliza, “na hii tuni Ami, si ya filamu ya Kihindi?”

Ni ya filamu ya Kihindi. Taarab ngapi za pwani hii tuni zake zimetoka kwenye sinema, na mtunzi wa India naye analindwa hapa Kenya kama wa Lamu, sheria ikisomwa ilivyo basi tuna madeni Bombay sote, na mimi mwenyewe hizo nyimbo nazipigia makofi harusini. Nikamwambia basi tunga tuni nyingine.

“Sasa Ami, si haitakuwa ile nyimbo?”

Hapo nikaagiza kahawa.