Vijana, mlikuwa likizo? Grafu iliyotugombanisha na mteja

Mteja wetu ana maduka ya jumla Kariakoo, na tulikuwa tunamtengenezea mfumo wa stoo. Mwisho wa sprinti ya tatu (sprinti ni awamu ya kazi, kwetu ya wiki mbili) nikamwonyesha grafu ya kazi zilizobaki, ile inayotakiwa kuteremka mpaka sifuri. Ilisoma 60 mwanzoni, kisha 50, 45, 45 mwisho wa kila sprinti. Akaweka kidole kwenye zile 45 mbili. "Kijana, wiki mbili hizi mlikuwa likizo?"

Likizo ipi! Tulimaliza kazi 12, nyingi kuliko sprinti yoyote ya nyuma. Ila ndani ya wiki hizo hizo, yeye na mhasibu wake walituongezea nyingine 12. Grafu hiyo hujumlisha na kutoa kimyakimya, kisha inakupa jibu moja tu. Kwa sprinti moja ambayo kazi zake zimeshafungwa, haina tatizo. Kwa mradi mzima, na mteja anayekumbuka jambo jipya kila Jumatatu (nani hana mteja wa hivyo?), itawapaka matope bure.

Usiku ule nikachora upya, mistari miwili. Wa juu ni jumla ya kazi zilizoombwa mpaka mwisho wa kila sprinti: 60, 66, 78. Wa chini ni zilizokamilika: 10, 21, 33. Pengo ni 45 zile zile, ila sasa inaonekana mistari yote miwili inapanda. Mzee akaitazama weee. "Hizi 18 zilizoongezeka ni zangu?" Nikamfungulia orodha. Akafuta saba palepale, zikiwemo meseji za kuwatumia madereva.

Kuhusu grafu ya kasi, ile ya pointi (makadirio ya ukubwa wa kazi) zilizokamilika kwa kila sprinti, naitumia kukadiria tu. Bosi akidai pointi zipande, zitapanda kweli: kazi ya pointi 3 itaanza kuitwa ya 5.

Ninayoipenda zaidi hata simwonyeshi mteja. Ni ya matabaka, kila tabaka ni idadi ya kazi za hatua moja: zinazosubiri kuanza, zinazotengenezwa, zinazosubiri kupimwa, zilizokwisha. Unachotafuta ni tabaka linalonenepa. Letu la kusubiri kupimwa lilifura kama abiria wa mwendokasi pale Kimara asubuhi, maana tulikuwa na madevelopa (waandika programu) wanne na mpimaji mmoja wa kuzijaribu. Hapo ndipo kanuni ya John Little, aliyoithibitisha mwaka 1961, inapouma: muda wa wastani wa kazi moja ni kazi zilizo mkononi ukigawanya kwa zinazokamilika kila sprinti. Tulikuwa na kazi 24 zilizoanzwa bila kukamilika, na tunamaliza 12 kwa sprinti. Gawanya: kwa wastani, kila kazi inakaa mikononi mwetu sprinti mbili, yaani wiki nne, hata kama kuiandika kunachukua siku moja.

Kuajiri developa wa tano kungeongeza foleni tu. Tukakubaliana hakuna kuanza kazi mpya, na wawili kati ya wale wanne wakahamia meza ya mpimaji. Walinuna. Sprinti mbili baadaye tabaka lilikuwa limekonda, na dada yetu mpimaji akaanza tena kutoka kwenda kula mchana.