Kasa Wengi Baharini, Wazazi Wangapi?

Swali tunaloulizwa katika vijiji vya pwani ya Mtwara ni lilelile: kasa tunawaona kila siku, sasa wataalamu mnatafuta nini kwenye vinasaba? Tunatafuta idadi ya wazazi. Kasa anayekula nyasi bahari ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma anaweza kuwa amezaliwa mbali, na atarudi kutaga hukohuko. Kumwona hapa hakumfanyi kuwa mzazi wa hapa.

Isitoshe, jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga. Likipanda juu ya nyuzi 29 hivi, wengi wanaoanguliwa ni majike. Tuseme wazazi ni 100, majike 90 na madume 10. Vinasaba vyao hupungua aina kwa kasi ileile ya wazazi 36 waliogawanyika nusu kwa nusu. Hiyo 36 ndiyo idadi fanisi, yaani idadi ya wazazi inayohesabika kivinasaba.

Tunaikadiria kutoka kwa watoto. Wazazi wakiwa wachache, baadhi ya vinasaba huandamana, yaani hukutwa pamoja, kwa watoto wao mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa bahati tu. Tunapima kuandamana huko.

Ndiyo maana tunachukua kifaranga mmoja tu aliyekufa kwa kila kiota. Jamani, hili tumelisema mara nyingi: vifaranga 20 wa kiota kimoja ni ndugu, na ndugu wakijaa kwenye sampuli, wazazi wataonekana wachache kuliko walivyo. Na kwa wanaouliza kama tunauza ngozi tunayokata kwa vifaranga hao: hapana, haiuzwi.

Ukikuta kiota kimeanguliwa, usichimbe. Mjulishe kiongozi wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi) au afisa uvuvi. Mwenye kibali ndiye atakayefukua, akate kipande kidogo cha ngozi, akitie kwenye kichupa chenye alkoholi, kisha aandike tarehe, ufukwe na namba ya kiota. Kichupa kisicho na namba hatukipokei. Sampuli ikivuka mpaka wa nchi huhitaji pia kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, hata kama kasa alikutwa amekufa.

Kumuua kasa au kuchukua mayai yake ni kosa chini ya sheria za uvuvi, na kusema aliingia mwenyewe kwenye jarife hakuhalalishi kumchinja. Mnasue, mwachie. Akiwa ameshakufa, toa taarifa kabla ya kumfukia, kwa sababu ngozi yake bado inaweza kupimwa.