Mashimo ya Hyrax Hill hayakuwa nyumba

Ukipanda kilima cha Hyrax Hill hapa Nakuru, hutakosa wa kukuambia kwamba Wasirikwa, wafugaji wa kale wa eneo hili, waliishi ndani ya yale mashimo ya duara kama mchwa. Hata mimi niliamini hivyo shuleni. Dhana hii ni kongwe: mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba hapo mwaka wa 1937, wengi walikwisha kuyaita nyumba za shimoni.

Uchunguzi wa baadaye, hasa wa mwanaakiolojia John Sutton, ulionyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Simama kwenye mdomo wa shimo moja utazame chini: mlango ni mmoja, unaelekea mteremkoni, na kando yake pana tuta. Tuta hilo ni samadi na matope yaliyozolewa zizini mwaka baada ya mwaka. Watu wenyewe walilala kwenye vibanda vya duara vilivyoshikana na ua wa zizi, na aliyetaka kuingia kwake alipitia kwa ng'ombe kwanza. Mfugaji yeyote aliyewahi kuibiwa mifugo usiku ataelewa mara moja.

Na makaburi ya mawe yaliyo karibu? Hayo si ya Wasirikwa. Ni ya wafugaji waliowatangulia kwa karne nyingi.