Posho ya Bakteria na Mashine: Je, Asteroidi Zinachimbika?

Katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, ya dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ambako Wajerumani walifungua mgodi mwaka 1909 na wachimbaji wadogo wanaendelea hadi leo, hesabu ya kwanza ya mwenye duara ni posho. Kabla mbale, yaani mwamba wenye madini, haijaonekana, watu wa shimoni lazima wale na wanywe maji, na duara nyingi hufa huku mwamba ukiwa bado na dhahabu, kwa sababu mfadhili ameishiwa uwezo wa kulisha watu. Siku moja nilikuwa hapo nikieleza jinsi bakteria wanavyoweza kutoa metali kwenye mawe, mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Mtaalamu, hao wadudu wako wanakula nini, na nani anawalipia?"

Mimi ni mchenjuaji wa madini, mtu wa kutenganisha metali na mawe, na kazi yangu ya kila siku hapa Dodoma ni mawe na tindikali. Tangu siku ile, kila ninaposoma mpango wa kuchimba asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua angani, kwa bakteria na mashine zinazojizalisha zenyewe, hulitafuta kwanza jibu la swali la mzee yule. Naamini ndilo swali linaloamua kama mpango unatekelezeka, kwa kuwa kila kitu ambacho mchimbaji hatakipata kwenye asteroidi yenyewe kitabebwa kutoka duniani kwa roketi.

Nianze na bakteria, maana hao tunawafahamu. Anayetumika zaidi anaitwa Acidithiobacillus ferrooxidans, na alitambuliwa mwaka 1947 kwenye maji makali yanayotoka katika migodi ya makaa ya mawe. Chakula chake ni chuma: hukichukua chuma kilichoyeyuka, hukinyang'anya elektroni, na nguvu anayoipata huitumia kujenga mwili wake kwa kaboni ya hewani. Ukimweka katika chupa ya maji yenye tindikali na chuma, siku ya kwanza maji yana kijani hafifu sana, lakini baada ya siku chache hugeuka rangi ya chai ya rangi, kisha huwa mekundu kama udongo wa kichuguu. Wekundu huo ni chuma kilichobadilishwa, ambacho sasa kina uwezo wa kuyashambulia madini ya salfaidi, yaani metali iliyoungana na salfa, na kuziachilia metali zilizofungwa ndani yake. Chuma kikishafanya kazi hiyo hurudia hali yake ya awali, bakteria anakila tena, na mzunguko unaendelea bila tanuru wala moshi.

Teknolojia hii haipo maabara peke yake. Huko Fairview, karibu na Barberton nchini Afrika Kusini, bakteria wamefanya kazi kwenye madini ya dhahabu tangu mwaka 1986. Jirani zetu wa Uganda walijenga mtambo Kasese na, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wakatoa kobalti katika piriti, salfaidi ya chuma, iliyorundikwa kwa miaka mingi kutoka mgodi wa shaba wa Kilembe. Jambo moja nitalihitaji baadaye: katika mitambo yote miwili bakteria hawakupewa mwamba kama ulivyotoka ardhini. Walipewa makinikia, yaani mbale iliyokwisha kuchambuliwa hadi sehemu kubwa ya mawe yasiyo na faida ikaondolewa.

Kwa upande wa anga za juu, mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Charles Cockell wa Chuo Kikuu cha Edinburgh ilipeleka aina tatu za bakteria kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, zikiwa na vipande vya mwamba wa basalti. Mmoja wao, Sphingomonas desiccabilis, aliweza kuyeyusha metali adimu kutoka kwenye mwamba karibu sawasawa, iwe uvutano ulikuwa hafifu kabisa, wa kiwango cha Mirihi, au wa kiwango cha Dunia. Mwaka huohuo watafiti wa Vienna walionyesha kwamba kijiumbe kingine, Metallosphaera sedula, hukua vizuri kwenye unga wa kimondo halisi. Kwa hiyo hofu kwamba mwili wa bakteria ungeshindwa kufanya kazi bila uvutano, au kwamba mawe ya angani ni sumu kwake, naiweka pembeni. Tatizo liko kwenye posho.

Nieleze jambo nililoliona kwa macho yangu. Mawe yaliyoletwa duniani kutoka asteroidi za Ryugu mwaka 2020 na Bennu mwaka 2023 yana kwa wingi madini ya jamii ya serpentini, ambayo ni madini ya mwamba uliowahi kulowa maji. Sisi tuna serpentini kaskazini mwa jiji letu, katika ukanda wa Haneti na Itiso wilayani Chamwino, kulekule kunakotoka yale mawe ya kijani ya krisopresi. Nikachukua jiwe la Haneti, nikalisaga mpaka likawa laini kama unga wa sembe, nikaliweka kwenye chupa yenye bakteria waliokuwa na afya njema na tindikali ya kiwango cha pH 1.8; namba hiyo ikipanda, ukali wa tindikali umepungua. Asubuhi iliyofuata kipimo kilisoma zaidi ya 4. Wekundu wa maji ulikuwa umeganda na kutuama chini kama tope, na bakteria walikuwa wameacha kazi. Jiwe lilikuwa limeinywa tindikali yote kwa usiku mmoja.

Hesabu yake inaeleweka bila darubini. Kuyeyusha kilo 1 ya serpentini kunahitaji zaidi kidogo ya kilo 1 ya asidi ya salfuriki. Mwamba wa asteroidi zenye kaboni nyingi, kama Ryugu na Bennu, una salfa ipatayo 5%, na bakteria wanaweza kuigeuza salfa kuwa tindikali, ambapo kilo 1 ya salfa hutoa kilo 3 hivi. Basi chukua kilo 100 za mwamba huo: salfa yake yote itazalisha kama kilo 15 za tindikali, na hapo nachukulia kwamba hata punje moja haipotei. Tukisema kilo 70 za mwamba ni serpentini na ndugu zake, mwamba una uwezo wa kunywa zaidi ya kilo 70. Pengo hilo halizibwi kwa kuboresha bakteria, hata kwa uhandisi wa vinasaba, kwa sababu ni hesabu ya kikemia. Mtu anayependekeza kuwamwagia bakteria asteroidi nzima na kurudi baada ya miaka michache kuvuna metali, kwa maoni yangu, hajaipiga hesabu hiyo.

Yako mambo mengine ya posho ambayo, nakiri kwa furaha, yanatia moyo. Maji yamo ndani ya mwamba wenyewe, yamefungwa kwenye madini, na yanatoka ukiupasha joto. Ukiyapitishia umeme wa jua, kila kilo 9 za maji hutoa kilo 8 za oksijeni, na oksijeni inahitajika kwa wingi ambao wengi hawautarajii, maana kuunguza kilo 1 ya piriti kibakteria hutumia karibu kilo 1 ya oksijeni. Mawe ya Bennu yamekutwa na amonia pamoja na chumvi za fosfeti, yaani mbolea ya bakteria ipo hukohuko. Sisi tunaoishi Dodoma, mji unaotegemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe na kujua wiki bila maji bombani ina maana gani, hatuhitaji kuelezwa kwa nini ninayaweka maji mbele ya nikeli na platinamu. Asteroidi isiyo na maji nisingeipangia bakteria hata kidogo.

Halafu kuna suala la uvutano, si kwa bakteria bali kwa mtambo. Duniani tunarundika mbale, tunainyunyizia maji ya tindikali juu, na yanachuruzika yenyewe hadi chini. Bennu ina upana wa nusu kilomita hivi, na uvutano wake haufiki hata sehemu moja katika 100,000 ya uvutano wa Dunia; jiwe ukiliachia kwenye kimo cha kifua litachukua dakika tatu kugusa chini. Kifaa kilichokwenda kuchukua sampuli kilizama kama nusu mita kwenye kokoto zilizoshikana kwa shida. Hapo maji hayachuruziki, yakiachwa wazi pasipo shinikizo la hewa yanachemka na kuganda, na hata ndani ya pipa lililofungwa mapovu ya hewa hayapandi juu, hivyo mtindo wetu wa kupuliza hewa chini ya pipa haufai. Hewa itapitishwa kwenye utando mwembamba, nayo mbale italetwa ndani ya pipa lenye shinikizo na joto la kutosha. Tafsiri yake ni kwamba bakteria hawatachimba asteroidi. Watafanya kazi ya uchenjuaji ndani ya chombo, na uchimbaji utafanywa na mashine.

Sasa mashine zinazojizalisha. Wazo lilipewa msingi wa kihisabati na John von Neumann mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1980 kundi la wataalamu walioitwa na NASA lilichora kiwanda mbegu cha tani 100 ambacho, kikitua Mwezini, kingejenga kingine kama chenyewe kwa muda wa mwaka mmoja. Mvuto wake ni kuongezeka maradufu: baada ya miaka 10 una viwanda 1,024. Lakini muulize mzee wa Sekenke naye atakuuliza posho. Tuwe wakarimu, tuseme kiwanda kinajitengenezea 96% ya uzito wake, na 4% iliyobaki, yaani chipu, beringi, vilainishi na mipira ya kuzibia, inatoka duniani. Kila kiwanda kipya kinahitaji tani 4. Viwanda vipya 1,023 vinahitaji tani 4,092, takriban mara kumi ya uzito wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kuongezeka maradufu kunaongeza pia mahitaji, na hilo husahaulika mara nyingi.

Mfano wa karibu ni mashine za kuchapa vitu (printa za 3D) ambazo Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alianza kuzibuni mwaka 2005 ili zijichape zenyewe. Zilichapa sehemu nyingi za plastiki za miili yao, lakini mota, nondo na saketi zilinunuliwa dukani, na wenyewe waliviita vitu hivyo vitamini. Jina hilo linafaa sana. Kuna vitamini nyepesi kama chipu, ambazo naona ni busara kuzibeba, maana mashine moja tu ya kuchora chipu za kisasa ina uzito wa tani zipatazo 180, zaidi ya kiwanda mbegu chenyewe. Vitamini nzito ndizo za kuhofia, na hapa ndipo bakteria na mashine wanapokutana.

Bakteria ndiye mashine pekee inayojizalisha tuliyo nayo leo. Hujigawa ndani ya saa chache, hahitaji beringi, na mbegu yake ya ujazo wa kijiko inatosha kuanzisha mtambo. Lakini kuongezeka kwake kunakoma kwenye ukuta wa pipa. Ukitaka maradufu ya uzalishaji, lazima pipa nalo liongezeke, na pipa la chuma cha asteroidi halifai kama lilivyo, kwa kuwa tindikali ya pH 1.8 hula chuma; mimi nimepoteza vibanio viwili vya chuma kwa matone tu ya pembeni. Pipa linahitaji bitana ya plastiki au mpira, na bitana ni posho ya kutoka nyumbani mpaka siku tutakapoweza kuitengeneza kwa kaboni ya asteroidi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama inawezekana, jibu langu ni hili. Kuchimba maji kwa joto, bila bakteria wala mashine za kujizalisha, naona ndiko kutakakotangulia. Metali iliyo tayari katika hali ya metali, kama ile ya kimondo cha Mbozi ambacho ni chuma karibu 90% na nikeli karibu 9%, nisingempa bakteria. Gesi ya kaboni monoksidi huitoa nikeli kavukavu, kwa njia aliyoigundua Ludwig Mond mnamo 1890. Bakteria ningewapa salfaidi, na baada ya kutengeneza makinikia. Mashine ningezitaka zitengeneze fremu, mapipa na vioo vya kukusanya jua, na nisingezidai zaidi ya hapo. Na bidhaa itumike hukohuko. Mwamba wa asteroidi zenye kaboni una nikeli kama 1% na platinamu kama gramu 1 kwa tani, ilhali hazina ya nikeli ya Kabanga pale Ngara ina takriban 2% ya nikeli. Hakuna sababu ya kuisafirisha kuja kushindana na mwamba tulionao chini ya miguu yetu.

Jiwe la Haneti sijaliacha. Wiki tatu zilizopita nilisaga jingine, nikalipitishia sumaku likiwa kavu, bila tone la maji, kwa sababu kwenye asteroidi ndivyo ingelazimika kufanyika. Sumaku ilinasa unga mweusi kidogo, sehemu ndogo tu ya jiwe, wenye magnetaiti na chembe za salfaidi, na sehemu kubwa ya serpentini ikabaki nje. Unga huo ndio niliowapa bakteria safari hii, katika chupa tatu. Leo asubuhi kipimo kilisoma 2.1, na chupa ya katikati imeanza kushika rangi ya chai.