Maji Hayaingii Katikati ya Slabu

Wateja wengi wanaonipigia simu huanza na swali moja: nitumie dawa gani ya kuzuia uvujaji? Wameona tangazo la rangi ya kuzuia maji, au jirani kabandika lami ya kuchoma kwa moto, wanataka jina la bidhaa waende nalo dukani. Mimi huomba kwanza michoro. Karibu kila uvujaji niliouchunguza Dar es Salaam na Zanzibar ulianzia mahali vitu viwili vinapokutana: slabu na ukuta wa ukingo wa paa, bomba na zege, zege la jana na zege la leo, sakafu ya bafu na kizingiti cha mlango. Eneo pana la slabu, kama zege lilishindiliwa vizuri, mara chache huwa ndiyo tatizo. Kwa hiyo anayebuni kinga ya maji anabuni maungio, na ujuzi wa maungio haumo ndani ya taaluma moja.

Hapo ndipo kazi inapopotelea. Mhandisi wa miundo anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, msanifu anasajiliwa na bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na kila mmoja anaamini kwamba kinga ya maji iko kwenye michoro ya mwenzake. Mwishowe uamuzi unaangukia kwa muuza bidhaa. Kiwango cha Uingereza BS 8102, ambacho wengi wetu tunakitumia kwa majengo yaliyo chini ya ardhi, kilishasema katika toleo la 2009 kwamba timu ya usanifu iwe na mtaalamu wa kinga ya maji, na awepo tangu mwanzo. Nakubaliana nacho kabisa.

Ujuzi wa kwanza ni kujua jinsi jengo linavyotembea. Zege hutanuka takribani milimita 0.01 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Paa la mita 30 lisilo na kivuli, likipata tofauti ya nyuzi 30, linasogea milimita 9. Sasa weka juu yake utando, yaani tabaka jembamba la kuzuia maji, uliogandishwa barabara. Katalogi inasema utando huo unavutika asilimia 300. Lakini kipimo hicho kilifanywa kwa kipande kilicho huru. Ukishaugandisha juu ya ufa, kipande kinacholazimika kuvutika ni kile kilicho juu ya ufa tu, na kama ufa ulikuwa wa milimita 1 ukafunguka hadi 4, hiyo asilimia 300 yote imeisha. Dawa yake ni kuacha ukanda usiogandishwa pande zote mbili za ungio, ili mvutano ugawanyike kwenye upana mkubwa zaidi. Hili haliandikwi kwenye ndoo ya bidhaa. Ni lazima lichorwe, kwa kipimo cha 1:5, na lielezwe kwa fundi kabla hajawasha mtungi wa gesi.

Mteremko nao una hesabu yake. Tunataka paa lililokamilika liwe na angalau 1:80, yaani lishuke sentimita 1 kwa kila sentimita 80, kwa hiyo tunabuni 1:40, maana slabu hupinda kidogo kwa uzito na mkono wa fundi una kiasi chake cha kukosea. Utando upandishwe ukutani angalau milimita 150 juu ya uso wa mwisho, zikipimwa kuanzia juu ya marumaru na siyo kuanzia kwenye slabu. Msanifu akishachora mlango wa kutokea kwenye baraza ya juu usawa na sakafu ya sebule, hizo milimita 150 hazipo tena, na hakuna bidhaa itakayozirudisha. Ndiyo maana nataka kuwa mezani mapema.

Chini ya ardhi mambo ni mazito zaidi. Kila mita moja ya kina cha maji huleta msukumo wa takribani tani moja kwa kila mita ya mraba. Ripoti ya udongo iliyotokana na shimo lililochimbwa Septemba haitoshi. Nataka bomba la kupimia kina cha maji liachwe ardhini mpaka masika yapite. Hata hivyo, usanifu ufanywe kana kwamba siku moja maji yatafika usawa wa ardhi.

Chukua tangi la maji la chini ya ardhi: urefu mita 5, upana mita 4, kina mita 2.5 kwa vipimo vya nje. Likizungukwa na maji hadi juu, linasukumwa kwenda juu kwa nguvu ya tani 50. Kuta, sakafu na kifuniko vya sentimita 20 havifikii tani 40. Likiwa tupu litaibuka na kukata mabomba yaliyounganishwa nalo. Anayefikiria utando peke yake hataliona hili. Sakafu inatakiwa iongezwe unene, au itokeze nje ya kuta ili udongo uikalie, na mkandarasi asizime pampu za kukausha shimo mpaka uzito utoshe.

BS 8102 inatambua njia tatu: utando wa kuzuia, zege lenyewe lililobuniwa lisipitishe maji, na nafasi nyuma ya ukuta wa ndani inayokusanya maji yaliyopenya na kuyapeleka kwenye pampu. Swali langu kwa kila moja ni hili: ikivuja, utaifikiaje? Utando wa nje ukishafukiwa, na jengo la jirani likasimama ukutani kwako, hutaufikia tena. Pampu unaifikia, ila umeme ukikatika usiku wa mvua inahitaji jenereta na pampu ya akiba. Kwa vyumba vya watu kwenye ardhi ya pwani sikubali njia moja peke yake. Zege lililobuniwa vizuri liwe kinga ya kwanza, na njia ya pili iongezwe juu yake.

Tena pwani ina chumvi. Bentonaiti ni udongo unaovimba ukilowa na kuziba njia ya maji, na ni nyenzo nzuri, lakini maji ya chumvi hupunguza sana kuvimba kwake. Kwa kiwanja cha Upanga, Msasani au Mombasa, pima maji ya ardhini maabara, uangalie kloraidi na salfeti, kabla ya kuagiza chochote. Na kwa nyumba za zamani za Mji Mkongwe, za mawe ya matumbawe na chokaa, usiulize hata utando gani. Kuta zile hukauka kwa kupumua. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani na boriti zinaanza kuoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Rekebisha paa na mifereji, kisha rudisha chokaa.

Vijana wahandisi huniuliza wasome nini. Someni muundo, udongo na kemia ya nyenzo, lakini kaeni pia saitini siku ya kumwaga zege. Mtaona mkanda wa PVC wa kuzuia maji ukikunjwa na uzito wa zege kwa sababu haukufungwa kwenye nondo kwa waya. Mtaona fundi bomba akitoboa slabu baada ya utando kumalizika. Mnapopata nafasi ya kubomoa kinga iliyoshindwa, bomoeni taratibu, tabaka kwa tabaka, mkifuata njia ya maji kinyume, kwa kuwa doa la dari linaweza kuwa mita kadhaa kutoka kwenye tundu.

Na kwenye mkataba andikeni jaribio la maji: matundu yote ya kutolea maji yazibwe, maji yajazwe sentimita chache, yakae angalau saa 24, dari ya chini ikaguliwe na kupigwa picha, mkandarasi na mshauri watie saini. Lifanyike kabla ya marumaru, na lirudiwe kila fundi mwingine akipita na nyundo au drili juu ya kinga hiyo.